Kabla ya kuchagua kilele cha Mlima Kenya, hesabu utalala huko mara ngapi

Asubuhi mapema, mawingu yakiwa bado hayajapanda, mtu akiutazama Mlima Kenya kutoka Nanyuki huuona kama jino moja jeusi. Kumbe ni kundi zima la vilele, mabaki ya volkano ya kale iliyolika: Batian mita 5,199, Nelion 5,188, Lenana 4,985, Pigott 4,957, Point John 4,883, na upande wa kaskazini Tereri 4,714 na Sendeyo 4,704. Vile vitatu vya kwanza vilipewa majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, na Halford Mackinder, aliyefika juu ya Batian mara ya kwanza mwaka 1899 pamoja na Ollier na Brocherel.

Wengi huanza kwa kuuliza kipi kirefu. Urefu haukwambii kitu. Point John iko chini ya Lenana kwa mita 102, lakini Lenana hufikiwa kwa miguu na mtu mwenye afya nzuri ambaye hajawahi kushika kamba, ilhali Point John ni mwamba uliosimama wima, haupandiki bila kamba na mtu anayejua kuitumia. Kwa hiyo maswali ya kujiuliza ni matatu, na yafuatwe kwa mpangilio huu: utalala mlimani mara ngapi, unakwenda mwezi gani, na mikono yako imezoea mwamba au haijazoea. Ukishayajibu, utakuta kilele chako kimekwisha kujichagua.

Tuanze na kulala, maana hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Kwenye mita 5,000 kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Mombasa. Mwili huzoea hali hiyo, lakini taratibu, na kimo unacholala ndicho kinachohesabika zaidi. Kanuni inayotumika milimani kote ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja mara mbili. Sasa ipime ile safari ya siku tatu inayouzwa sana kupitia njia ya Naro Moru. Mtu ametoka Nairobi, mita 1,700 hivi, usiku wa kwanza yuko kambi ya Met Station, mita 3,050. Usiku wa pili yuko kambi ya Mackinder, mita 4,200. Saa nane usiku huohuo anaamshwa apande Lenana. Mruko wa usiku wa pili pekee ni mita 1,150, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Wapo wanaofika, ila baadhi yao huiona Lenana wakiwa wameinama wakitapika.

Mwenye siku mbili tu asijisumbue na Lenana. Aende upande wa Chogoria, kwenye kilima cha Mugi au Ithanguni chenye mita 3,894. Kutoka huko ataviona vilele vikuu vizuri kuliko mtu aliyesimama chini yake, na kichwa chake kitakuwa kizima. Mwenye kulala mara nne au tano anaweza kuitafuta Lenana kwa heshima kwa njia ya Sirimon: kambi ya Old Moses, mita 3,300, mara mbili, siku ya katikati akipanda mita 300 au 400 na kurudi kulala palepale, kisha kambi ya Shipton, mita 4,200, mara mbili, siku ya katikati akitembea kuelekea pengo la Hausberg na kurudi. Mruko wa mita 900 kati ya kambi hizo bado unapita kiwango, ndiyo maana ya kulala mara mbili kila kambi. Usiku wa kupanda kilele ukifika, mwili umeshaanza kuzoea.

Njia nayo ni sehemu ya uchaguzi. Sirimon, inayoanzia lango lililo mita 2,650, hupanda polepole na ina ukavu zaidi, ndiyo bora kwa mgeni wa milima. Chogoria, lango lake mita 2,950, ndiyo yenye sura nzuri kuliko zote: bonde la Gorges, ziwa Michaelson likiwa chini kabisa ya maporomoko ya mawe, vidimbwi vya Hall. Naro Moru ni fupi, na baada ya Met Station ina kile kinamasi cha mteremko ambacho kila mtu hukilaani: unakanyaga kichuguu cha nyasi, kinalala ubavu, mguu unazama hadi kwenye shavu la mguu. Vaa gaita, vile vifuniko vya miguu vinavyozuia tope kuingia kiatuni, na usiruke kutoka kichuguu hadi kichuguu, kwani huko ndiko vifundo vya miguu huteguka. Lakini Naro Moru ina sifa moja isiyotajwa kwenye matangazo: ndiyo njia ya haraka ya kumshusha mgonjwa. Kutoka Mackinder hadi Met Station unapoteza mita 1,150 kwa mwendo wa saa tatu au nne. Kutoka Shipton bonde ni refu, kilomita 14 hivi hadi Old Moses, na kimo hupungua kwa shida. Panga kupandia Sirimon na kushukia Naro Moru au Chogoria, na ulitaje lango la kutokea wakati wa kujiandikisha ili wasije wakakutafuta kwingine.

Kuhusu mwezi, miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Mvua ndefu, Machi hadi Mei, na mvua fupi, Oktoba hadi Desemba, hugeuka theluji huko juu na kufunika njia. Kwa wanaokwenda Lenana hayo yanatosha. Kwa wapanda mwamba kuna jambo la ziada, nalo linatokana na mlima kukaa karibu kabisa na ikweta. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, hivyo uso wa kaskazini wa Batian hukauka na ule wa kusini hushika barafu. Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi mambo hugeuka, na njia ya kawaida ya Nelion, iliyo kusini-mashariki, ndiyo huwa safi. Ukipanga Nelion mwezi wa Agosti, utakuta mipasuko unayotaka kuingiza mikono imejaa barafu.

Batian na Nelion si matembezi marefu zaidi ya Lenana, ni kazi nyingine kabisa. Ni mwamba wa mamia ya mita, siku nzima ya kamba kwenda juu na saa nyingi za kushuka kwa kamba kurudi. Kofia ngumu ni lazima, kwa sababu barafu iliyokuwa ikishikilia mawe inayeyuka mwaka hadi mwaka na mawe huanguka hasa jua likishayapiga. Njia za barafu zilizosifiwa zamani, kama ule mfereji wa Diamond, usizipange kwa kutegemea maelezo ya miaka ya 1970. Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati kilichojengwa mwaka 1970, ambamo watu hulala wakikutwa na giza. Kutoka hapo hadi Batian, mita 11 tu juu zaidi, huna budi kushuka kwenye pengo liitwalo Mlango wa Ukungu na kupanda tena, na pengo hilo hula muda kuliko linavyoonekana kwa macho. Kama hujawahi kuongoza kamba kwenye miamba mirefu mahali pengine, jifunze kwanza Hell's Gate au Lukenya.

Mfano wa kuchagua kilele bila habari upo kwenye historia ya mlima huu wenyewe. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walitoroka kambi ya Nanyuki wakitaka kupanda Batian. Picha waliyoitegemea kusoma umbo la mlima ilikuwa karatasi ya mkebe wa nyama. Batian iliwashinda, wawili wakafika Lenana wakasimika bendera, kisha wakarudi wenyewe kambini. Siku hizi ramani zipo, nunua moja ya karatasi. Simu hufa kwa baridi.

Vifaa vya Lenana havihitaji kuwa ghali, vinahitaji kuwa sahihi. Usiku kwenye mita 4,200 joto hushuka chini ya sifuri, na kileleni upepo huongeza adhabu. Acha nguo za pamba, maana hunywa jasho na kukaa nalo. Vaa ya ndani ya sufu au sintetiki, juu yake sweta la flisi, juu yake koti nene la kujazwa, na ya mwisho koti na suruali visivyopitisha maji. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 10 chini ya sifuri. Glavu jozi mbili, nyembamba ndani na nene nje, kwa kuwa mtu akivua glavu nene ili afunge kamba ya kiatu saa kumi usiku, vidole humganda kabla hajamaliza. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi wabebe watu wa rangi zote. Jua la ikweta kwenye mita 4,500 haliulizi kabila.

Maji ni lita tatu hadi nne kwa siku. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri hadi kambini, ila usiku wa kilele mrija huganda ndani ya nusu saa na unabeba lita mbili usizoweza kunywa. Tumia chupa, uziweke kichwa chini: barafu huanza kujiunda juu, kwa hiyo upande wa kifuniko hubaki wazi. Betri za tochi ya kichwani na simu zilale nawe ndani ya mfuko.

Mapishi huwashangaza wengi. Kwenye mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, kwa hiyo moto mkubwa hausaidii, maji hayawi moto zaidi. Maharagwe mabichi yatakula gesi yote na bado yatakuwa magumu kwenye meno. Yachemshe nyumbani, uyabebe yakiwa yameiva. Ndengu nazo vivyo hivyo. Chapati, viazi vitamu vilivyochemshwa, uji, karanga na sukari nyingi kwenye chai hufanya kazi vizuri. Kukata kuni hakuruhusiwi, na kambini funga chakula: pimbi wa Mackinder na Shipton wameshajua zipu zinavyofunguka. Chini msituni ni nyati na ndovu, basi usitembee humo gizani.

Dalili za kimo zijue kwa moyo kabla ya kuondoka. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida: baki hapo ulipo, kunywa maji, usipande hadi dalili zipoe. Mtu akianza kuyumba, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya kidole. Akishindwa, chukulia kuwa ubongo unavimba. Akihema akiwa amekaa tu, au akikohoa kwa sauti ya maji kifuani, mapafu yanajaa. Kwa hayo mawili hakuna kungoja asubuhi, anashushwa usiku huohuo, angalau mita 500, na si peke yake. Acetazolamide, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, husaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Usishtuke vidole vikifa ganzi na soda ikikosa ladha, ni athari za kawaida za dawa hiyo.

Kuingia hifadhini peke yako hairuhusiwi na langoni hawapokei fedha taslimu. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa mtandaoni, kwa kila siku utakayokaa. Lipia siku moja ya akiba. Ndiyo itakayokupa uhuru wa kukaa kambini mvua ikinyesha.

Siku ya Lenana huanza saa nane au saa tisa usiku, na sababu si mapambazuko tu. Changarawe za mteremko wa mwisho hushikwa na baridi usiku na hubeba mguu. Jua likishatoka saa kumi na mbili na nusu, hulegea, na kila hatua mbili hukurudisha moja. Tena kufika adhuhuri ukungu huwa umefunika kila kitu. Wekeni saa ya kugeuka mkiwa bado kambini, kwa mfano saa mbili asubuhi, na mwongozaji aisikie mbele ya wote.

Na siku moja kabla ya safari, kata kucha za miguu hadi zilingane na nyama. Kupanda hakuzigusi, lakini kushuka kutoka mita 4,985 vidole hugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, na kucha ndefu itakuwa nyeusi kabla hujafika langoni.