Kabla ya kuwapeleka watoto kuona wanyama Ngongo

Mtoto akishasikia kuwa kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane mwaka huu kuna simba, habari za mbegu bora na matrekta zimekwisha. Atakuuliza asubuhi, atakuuliza jioni, mpaka mwende. Lakini safari ya kumpeleka mtoto kuona wanyama kwenye viwanja vyenye umati haifanani na ya mzee anayekwenda kuulizia dawa ya korosho. Ina maandalizi yake, na mengi yanafanyika nyumbani kabla ya kupanda gari, iwe mnatoka Mtwara mjini, Masasi, Nachingwea au hapo hapo Lindi.

La kwanza ni kuuliza. Maonesho haya kwa kanda yetu ya kusini, Lindi na Mtwara, hufanyika viwanja vya Ngongo, Manispaa ya Lindi, kuanzia tarehe 1 Agosti hadi kilele chake tarehe 8. Wanyama hai wakiletwa, utawakuta upande wa maliasili, ila si lazima wawe wale wale wa mwaka jana, na siku za mwanzo utakuta mabanda mengine bado yanapigiliwa misumari. Mpigie simu ndugu au jamaa aliyeko Lindi, apite akuangalizie: wapo wanyama gani, kiingilio ni kiasi gani, na je, banda la wanyama lina tiketi yake mbali na ile ya getini? Hilo la mwisho huwaumbua watu. Baba amelipia watu sita getini, kifua mbele, akifika kwa simba anaambiwa kuna malipo mengine. Hapo ndipo unapoanza mjadala wa nani aingie na nani abaki kulinda mabegi, na anayebaki daima ni yule aliyelilia safari kuliko wote.

Tarehe 8 yenyewe mimi nisingeichagua kwa watoto. Ni sikukuu, viongozi wanakuja, hotuba zinaanza, na mkoa mzima uko pale. Mtoto wa miaka mitano ataona migongo ya watu tu. Jumamosi au Jumapili inayotangulia inatosha kabisa, na kama watoto bado hawajaanza shule, siku ya kazi ni bora zaidi.

Sasa saa ya kufika, maana hapa ndipo siku inapofanikiwa au kuharibika. Simba anaweza kulala mpaka saa 20 katika saa 24. Hiyo si uvivu wala ugonjwa, ndivyo alivyo. Chui naye mambo yake ni ya usiku, na fisi vilevile. Jua likishapanda, wote wanatafuta kivuli, wanageuza mgongo, wanatulia. Familia inayofika saa saba mchana italipa kuangalia mkia. Inayofika geti likifunguliwa tu, hewa ikiwa bado ya baridi, ina nafasi nzuri ya kumkuta simba amesimama, anazunguka, pengine ananguruma, na mngurumo wa simba ukiusikia kwa karibu unautambua kifuani kabla ya masikioni. Kwa hiyo wanyama kwanza, mengine baadaye. Bembea, aiskrimu na mabanda ya halmashauri havisinzii. Vitakuwepo mchana kutwa.

Ukilikubali hilo, safari nayo inajipanga yenyewe. Kutoka Mtwara mjini hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100 za lami, kwa hiyo wa Mtwara wanaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo mradi waondoke alfajiri. Anayetoka Masasi au Newala na watoto wadogo ni afadhali alale Lindi kwa ndugu usiku wa kuamkia siku yenyewe, na amwarifu mwenyeji mapema, si kumgongea mlango na watoto wanne wakati wa chakula. Nyumba za wageni wiki hiyo hujaa, na bei nazo hupanda. Kwa gari la abiria, mpangie siti ya dirishani mtoto anayetapika, asipewe chai ya maziwa kabla ya safari, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, beba kopo lenye mfuniko. Kurudi, msisubiri jua lizame. Jioni kila mtu anatafuta gari, na gari lililojaa kupita kiasi ni hatari kuliko mnyama yeyote mliyemwona.

Kuwaandaa watoto wenyewe ni kazi ya siku mbili tatu za maongezi. Wengi wanamjua simba wa katuni, anayeongea na kucheka. Waambie mapema kuwa wa kweli ananuka, ana nzi usoni, na anaweza kukupuuza kabisa. Waambie chatu hana sumu, anaua kwa kubana, na kwamba nyoka hana masikio ya nje kama yetu ila anahisi mtikisiko, ndiyo maana kugonga kioo chake ni kumsumbua. Mtoto aliyekwisha kuambiwa haya anakwenda na maswali, wala hashangai na kuanza kulia. Atakayeuliza kwa nini simba amefungwa, usimzimishe. Mwambie akamuulize mhifadhi aliyesimama pale, wenyewe hupenda kuulizwa.

Lipo jambo jingine la huku kwetu ambalo mtu wa mbali hawezi kulifikiria. Kwa mtoto wa Shangani mjini Mtwara, simba ni burudani. Kwa bibi aliyelimia Lindi Vijijini, simba ni kumbukumbu ya mtu fulani aliyekuwa na jina, aliyeuawa naye. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, na Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Wengi walishambuliwa mashambani msimu wa mavuno, wamelala kwenye madungu wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Vijijini maneno ya simba wa kutumwa kwa uchawi hayajaisha hadi leo. Kwa hiyo kama mnakwenda na bibi au babu, mwulizeni kabla, kwa adabu, kama angependa kuingia kwenye banda la simba au atakaa kivulini awasubiri. Akisema atakaa, msimcheke na msimvute mkono. Pengine usiku wake ndio atawasimulia watoto jambo ambalo hakuwahi kulisema. Na mtoto wa Liwale ambaye tembo wamepita shambani kwao mwezi uliopita, naye asilazimishwe kusogea apigwe picha.

Kanuni za mbele ya banda ni chache, lakini zisemwe nyumbani, maana ukifika pale hakuna anayesikia. Hakuna kukimbia mbele ya simba na chui. Kitu kidogo kinachokimbia kinamwamsha mwindaji, na ndiyo maana utaona simba aliyekuwa amelala ananyanyua kichwa na kumfuata mtoto mmoja tu kwa macho, akiacha watu wazima hamsini. Hakuna kupita kamba au uzio wa nje hata kama kofia imeangukia ndani, aitwe mhudumu. Aliyebebwa mabegani abebwe nyuma ya mstari, asiinamishwe juu ya uzio. Hakuna kurusha mawe, maganda ya karanga wala kumwagia maji mnyama ili aamke. Kwa tumbili na nyani, ficheni chakula chote kabla ya kufika. Tumbili hana haja ya kukaribishwa, na mtoto anayeng'ang'ania andazi lake ndiye anayeparuliwa.

Akiparuliwa au kung'atwa, hata kidogo tu, msipake mafuta ya taa, wala msifunge kitambaa mkaendelea na matembezi. Kichaa cha mbwa hakitoki kwa mbwa peke yake. Wanyama wengine wanaonyonyesha nao wanaweza kukibeba. Oshea jeraha maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, muone watoa huduma ya kwanza uwanjani, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Hapa sina mzaha hata kidogo.

Picha ya chatu shingoni nayo ina masharti yake. Nyoka, kobe na mamba wanaweza kubeba vimelea vya salmonela kwenye ngozi bila wenyewe kuumwa, na vikimpata mtoto mdogo vinamletea homa na kuhara. Walio chini ya miaka mitano wasiwaguse kabisa. Wakubwa wakigusa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote, na kwa kuwa bomba la uwanjani linaweza kuwa na foleni au kuwa kavu, bebeni kipande cha sabuni na chupa ya maji ambayo si ya kunywa. Itasaidia na chooni pia, pamoja na karatasi laini.

Kupotea kwa mtoto ndiyo hofu ya kila mzazi, na dawa yake ni asubuhi kabla ya kutoka. Mpige picha kwa simu akiwa amevaa nguo zile zile za safari, kwa sababu baba akiulizwa uwanjani mtoto kavaa nini, atasema "gauni" na basi. Mwandikie namba mbili za simu kwa kalamu ya wino mkononi, na nyingine kwenye karatasi mfukoni, moja iwe ya mtu asiyekuwepo uwanjani, maana simu ya mama itaisha chaji. Mfundishe jina kamili la mama yake. Kwenye vipaza sauti utasikia: "Kuna mtoto hapa, anasema mama yake anaitwa Mama." Chagueni pia pa kukutania, kitu kisichohama na kinachoonekana kwa mbali, kisha mwende naye mpaka pale akakiguse. Kumwonyesha kwa kidole tu hakutoshi. Na ajue kwamba akipotea hatafuti, anasimama, au anamfuata askari mwenye sare.

Agosti huku ni kiangazi na upepo wa kusi. Alfajiri kuna baridi inayohitaji sweta, saa tano jua linachoma, na katikati ya hayo vumbi linapanda kila gari likipita. Mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta, abebe mwenyewe au mama yake, isiachwe kwenye begi lililobaki garini. Kofia kwa wote, viatu vya kufunika vidole badala ya ndala, na kwa mtoto mchanga kanga ya mgongoni inashinda kigari cha kusukuma kwenye ardhi ya namna ile. Kanga ya pili itakuwa mkeka, itakuwa kivuli, itakuwa taulo. Maji ya kunywa msiyabanie: kila mtu chupa yake. Chakula cha kubeba kiwe kikavu, kisichochacha: mayai ya kuchemsha, maandazi, mihogo, ming'oko (ile mizizi ya porini ya huku kwetu) ikipatikana. Wali wa nazi uliopikwa usiku na kukaa kwenye hotipoti mpaka saa nane mchana, achaneni nao. Vya kununua pale vipo, ila viwe vya moto, vilivyotoka jikoni mkiona.

Pesa, kwa ufupi: kuweni na taslimu za noti ndogo. Umati ukizidi mtandao unazidiwa, na wakala naye huishiwa. Kila mtoto apewe kiasi chake asubuhi aambiwe kikiisha kimeisha. Hapo maombi ya puto na miwani ya jua yatapungua kwa kiasi fulani, si yote.

Na kama mnatoka vijiji vinavyosumbuliwa na wanyama, Liwale, Nachingwea na kwingineko, msiondoke bila kutumia nafasi ya kuwa mbele ya maofisa wa wanyamapori. Kanuni za serikali za mwaka 2011 zinatoa malipo ya kumpoza mtu: kifuta jasho kwa mazao au mifugo iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, lakini utaratibu wake una taarifa za kutoa na fomu za kujaza, na wengi wanaishia kulalamika kijiweni tu. Watoto wakiwa kwenye bembea na mama yao, baba akae na ofisa. Aende na tarehe ya tukio, jina la kijiji na kitongoji, ukubwa wa shamba, na picha za uharibifu kwenye simu kama zipo. Hatalipwa pale bandani. Aulize taarifa inaanzia kwa nani, ndani ya muda gani, nani anakwenda kukagua shamba, na achukue namba ya simu ya ofisi iliyo karibu na kijiji chake, aiandike kwenye karatasi pia.