Mtoto kaonekana na sikoseli, jamaa utawaambia vipi?

Daktari keshasema mtoto ana SS, yani ugonjwa wenyewe wa sikoseli, ule wa damu wa kurithi, na nyinyi wazee wake mmepimwa wote wawili mmeonekana AS, yani wabebaji, hamuumwi lakini mnaweza kurithisha. Sasa kuna kazi ya pili ambayo spitali hawatokufanyia, maana siri yako hawana ruhusa kuitoa, nayo ni kuwaambia ndugu. AS hukuiokota njiani, umeitoa kwa baba au kwa mama, kwa hiyo kila ndugu yako wa baba mmoja mama mmoja ana angalau nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na anaweza kuwa mzima kabisa, anacheza mpira, hajui kitu.

Kabla hujafungua mdomo kaeni mume na mke mkubaliane nini kinatoka nje. AS yako ni yako, ya mkeo ni ya mkeo, na ugonjwa wa mtoto ni wa mtoto, kesho atakuwa mkubwa ataposa au ataposwa na hatopenda kila mtu kwenye shughuli aijue damu yake. Anza na yako tu, inatosha.

Usiweke kwenye grupu la familia la WhatsApp! Utaona mmoja kaweka emoji za kulia, mwengine keshaforwadi, na bi mkubwa fulani anauliza "upande gani umeleta haya?" na jibu la swali hilo huwa anabebeshwa mke, wakati mtoto hawi SS mpaka apokee kwa wote wawili. Piga simu, mmoja mmoja, uanze na walio mbioni kuoa, kuolewa au kuzaa. Na sisi tunavyooana watoto wa ami na watoto wa shangazi ndo kabisa, AS ileile ya babu inakuja kukutana pande zote mbili.

Maneno yawe mafupi: "Mdogo wangu, nimepima nimeonekana nabeba sikoseli. Siumwi. Na wewe unaweza ukawa nayo, na mwenzio akiwa nayo basi kila mimba ina moja ya nne kutoka na ugonjwa. Kapimeni. Majibu yenu sitaki kuyajua ila mkitaka wenyewe kunambia."

Hiyo ya mwisho usiiruke, ndo inayomtoa mtu hofu. Na hiyo moja ya nne muelezee vizuri, watu wanadhani akishazaliwa mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamesalimika, hapana, kila mimba hesabu inaanza upya. Mwambie pia aombe kipimo cha damu cha elektroforesi, kinachoonesha kama ni AS au SS, kile cha haraka cha siklingi hakitenganishi mbebaji na mgonjwa.

Wazee walomaliza kuzaa mi ningewaacha. Kupima haitowasaidia kitu, na ukianza kutafuta imetoka kwa nani unaweza ukafukua mambo ya nani baba wa nani, ukavunja ndoa ya miaka arubaini kwa karatasi moja ya maabara.

Kama posa ishapelekwa, sema na anayeoa au anayeolewa mwenyewe, siyo wapeleka posa, kuwaambia wengine ni hiari yake. Akikwambia hataki kusikia, usimfuatefuate. Mkumbushe mara moja kabla ya nikaha, faragha, basi.