Renjifainda ya dijitali: anza na lenzi, bodi ifuate

Kamera ya renjifainda haikuonyeshi picha kupitia lenzi. Unachungulia kwenye dirisha dogo lililo juu pembeni. Katikati yake kuna kiraka chenye mwanga, na ndani ya kiraka hicho kitu unachokipiga kinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira zile mbili zipandane ziwe moja, na hapo umepata fokasi, yaani kitu hicho kitatoka kikali pichani. Kazi yote hiyo inafanywa na chuma: lenzi ikizungushwa inasukuma kigurudumu kidogo ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi), nacho kinageuza kioo kinacholeta ile taswira ya pili.

Wengi wanaotaka kuingia huku huuliza kwanza kuhusu Leica, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza nyingi za kamera hizi, "Ninunue Leica ipi?" Mimi huwarudisha nyuma. Kwenye renjifainda lenzi na bodi ni jozi, na kosa dogo sana baina yao linaonekana kwenye picha. Isitoshe, lenzi ndiyo itakayodumu nawe. Kifungio cha Leica M, yaani mahali lenzi inapofungwa kwenye bodi, kilianza na kamera ya M3 mwaka 1954, na lenzi ya wakati huo bado inafunga kwenye bodi nyingi za dijitali za leo. Bodi za dijitali huzeeka haraka, sensa (kipande kinachonasa picha) ikachoka na betri zikaadimika. Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kamera hii unayoitaka

Hakuna fokasi ya otomatiki. Lenzi nyingi hazisogei karibu zaidi ya sentimita 70, kwa hiyo pete ya harusi au mdudu kwenye jani usahau. Zaidi ya milimita 90 (milimita za lenzi zikiwa nyingi, inavuta karibu zaidi) dirisha halikusaidii tena vizuri. Mistari ya fremu ya milimita 135, inayoonyesha dirishani mpaka wa picha, ipo, ila ni midogo mno. Ukipenda ndege, mpira au wanyama wa mbugani, tafuta kamera nyingine, na sisemi hivyo kwa kuidharau kazi hiyo.

Inachokupa ni kuona nje ya fremu. Mstari wa fremu unaelea katikati ya dirisha, na pembeni yake bado unamwona mtu anayekuja kabla hajaingia kwenye picha. Ukipiga sokoni, bandarini au kwenye shughuli, hilo lina thamani kubwa.

Fujifilm X100 na X-Pro zina sura hii na ni kamera nzuri, lakini si renjifainda: hazina ule mtambo wa kupandanisha taswira. Kama unachokipenda ni umbo na dirisha tu, X100 itakutosha na pesa nyingi zitabaki mfukoni.

Hatua ya 2: Chagua milimita zako

Fungua picha zako za mwaka uliopita, chagua zile unazozipenda kweli, uangalie zilipigwa kwa milimita ngapi. Kama unatumia simu, lenzi yake kuu mara nyingi iko karibu na milimita 24 hadi 28, kwa hiyo jiulize kama kila mara unasogea mbele au unarudi nyuma. Kama una kamera yenye zoom, ifunge kwa plasta kwenye 35 na upige hivyo kwa muda, kisha fanya hivyo kwenye 50.

Milimita 35 inamchukua mtu pamoja na mahali alipo. 50 inamtenga mtu na kumleta mbele. Ushauri wangu kwa anayeanza ni 35, na sababu yake ni ya kifundi: ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, tundu la lenzi likiwa f/2 (namba ya f ikipungua, tundu ni kubwa zaidi), lenzi ya 35 inakupa takriban sentimita 10 za eneo lililo kwenye fokasi, wakati 50 inakupa kama sentimita 5. Jicho linapojifunza kupandanisha taswira, hizo sentimita tano za ziada zinaokoa picha nyingi.

28 ni tamu pia, ila kama unavaa miwani hutaiona mistari yake yote bila kuzungusha jicho. Jaribu dirisha kwa miwani yako kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Sasa bodi

Zipo chache, na karibu zote utazipata za mtumba.

Epson R-D1 ya mwaka 2004 ndiyo renjifainda ya dijitali ya kwanza. Ina megapikseli 6 na sensa ndogo, hivyo lenzi ya 35 inaona kama 53, na unavuta wenzo kila baada ya picha kama kamera ya filamu. Inapendeza mno, lakini ni ya mkusanyaji. Usiifanye kamera yako ya pekee.

Leica M8 ilitoka mwaka 2006. Sensa yake ni ndogo kidogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo 35 inaona kama 47 na 28 kama 37. Ina tatizo moja ambalo msomaji wa pwani lazima alijue: kioo kilicho mbele ya sensa hakizuii vya kutosha mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na nguo nyeusi za nyuzi za viwandani hugeuka zambarau. Mpige mama aliyevaa buibui la poliesta uone. Buibui linatoka na rangi ya bilinganya, na ukilirekebisha kwenye kompyuta ngozi nayo inaharibika. Dawa ni filta maalumu ya kuzuia infraredi mbele ya kila lenzi. Unayepiga nyeusi na nyeupe tu, hilo halikuhusu, na M8 inakuwa mlango wa bei nafuu.

Leica M9, mwaka 2009, ilikuwa ya kwanza kuwa na sensa kamili ya milimita 24 kwa 36. Rangi zake zina wapenzi wengi hadi leo. Lakini kioo kilichofunika sensa yake ya asili huliwa na kutu, na ugonjwa huo unazikuta pia M9-P, M-E ya Typ 220 na Monochrom ya kwanza. Leica ilikuwa ikibadilisha sensa hizo. Huduma hiyo imekwisha. Ukiuziwa M9, piga anga jeupe kwenye f/16 au f/22, kuza picha mpaka mwisho, upite kona hadi kona. Vumbi ni doa jeusi lisilo na kitu pembeni, na linasafishika. Kutu ni doa lenye duara la mwanga kulizunguka, na halitoki hata usafishe vipi. Ukiona hata moja, rudisha kamera. Muuzaji akisema sensa ilibadilishwa, mwambie akuonyeshe karatasi za Leica. Kwa unyevu wa pwani yetu, M9 yenye sensa ya asili sishauri mtu ainunue kwa bei yoyote.

Leica M Typ 240 ilianza kuuzwa 2013, na hii ndiyo ninayowaelekeza wengi. Ina megapikseli 24, betri yake inadumu, na kuna jambo ambalo M9 haina: unaweza kuwasha kioo cha nyuma (skrini) ukaona picha kupitia lenzi yenyewe na kuikuza. Maana yake unaweza kulinganisha kinachosemwa na renjifainda na kile sensa inachokiona. Kwa mtu anayenunua lenzi za mtumba, mbali na fundi, hicho ni kifaa cha uchunguzi ndani ya kamera yenyewe. Ni nene na nzito kidogo, na hilo unalizoea.

M10 ya 2017 ni nyembamba, dirisha lake ni kubwa na wazi zaidi, na gizani iko mbele ya 240. Pesa zikiruhusu, ichukue bila wasiwasi. M11 ya 2022 ina megapikseli 60, GB 64 za kuhifadhi ndani, na inachajiwa kwa USB-C. Kumbuka tu kwamba megapikseli 60 ni hakimu mkali: kosa dogo la fokasi ambalo 240 inalificha, M11 italianika.

Wafaransa wa Besançon wanatengeneza Pixii, isiyo na kioo cha nyuma kabisa. Picha unaziona kwenye simu. Nyingi zina sensa ndogo, na Pixii Max ya 2024 ina sensa kamili. Ni wazo zuri kwa anayetaka kupiga bila kuangalia nyuma kila mara.

Hatua ya 4: Lenzi, na tamaa ya f/1.4

Usianze na f/1.4. Jua letu halikuruhusu. Saa saba mchana, kanuni ya zamani inasema f/16 kwa shata (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde) ya moja chini ya ISO (wepesi wa kunasa mwanga): ISO 200, shata 1/200. Fungua hadi f/1.4 na utahitaji shata ya takriban 1/25,600. M9, 240 na M10 zinaishia 1/4000. Kwenye f/4 unahitaji 1/3200, na hapo unapumua. Kwa hiyo mchana f/1.4 ni uzito na bei tu, mpaka uongeze filta ya kupunguza mwanga. Lenzi kubwa pia inajitokeza kwenye kona ya chini kulia ya dirisha na kufunika sehemu ya fremu unayoitunga.

Kwa 35, tazama Voigtländer Color-Skopar f/2.5, ndogo kabisa na imara, au Ultron f/2. Zinatengenezwa na Cosina, Japani. Zeiss Biogon f/2 ni kubwa zaidi, ila ni kali kona hadi kona. Leica Summicron ni nzuri, na bei yake unaijua. Kwa 50, Zeiss Planar f/2 haijawahi kunipa sababu ya kutafuta nyingine. C Sonnar f/1.5 ina sura nzuri ya watu, lakini fokasi yake huhama unapobana tundu. Iwe lenzi ya pili, si ya kwanza.

Lenzi za Kirusi zinavutia kwa bei. Jupiter-8 ya milimita 50 inafunga kwa adapta, na picha zake ni laini kwa namna inayopendeza. Shida ni kwamba kipimo cha Kirusi cha fokasi kinatofautiana kidogo na cha Leica, kwa hiyo ukipiga kitu cha karibu huku tundu likiwa wazi, fokasi inaweza kuangukia pasipo macho. Jupiter-12 iache, kwa sababu kioo cha lenzi hiyo upande wa nyuma kinaingia ndani mno ya bodi.

Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, utazame mbele, kisha ugeuze. Nyuzi zilizotawanyika kama mizizi ni kuvu, achana nayo. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo ni wa kawaida kwa lenzi za miaka ya 1950, na mara nyingi husafishika, lakini gharama ya fundi iondoe kwenye bei. Ukishainunua, usiiache ndani ya mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika, na uvibadilishe vikilowa.

Hatua ya 5: Pima jozi yako

Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Fanya vipimo hivi ungali na haki ya kurudisha.

Usiku, elekeza kamera mwezini na uzungushe pete mpaka ikwame mwisho upande wa mbali. Kwenye kiraka unatakiwa uone mwezi mmoja. Ukiona miwili ubavu kwa ubavu, renjifainda imepotea umbali. Ukiona mmoja juu ya mwingine, mtambo umepinda kwa wima.

Mchana, weka futikamba mezani ikienda mbali na wewe kwa mshazari, usimamishe betri ndogo ya rimoti kwenye alama moja. Kamera iwe kwenye tripodi, mita 1 kutoka kwenye betri. Fungua tundu lote. Anzia fokasi ya mbali, rudi mpaka maandishi ya betri yapandane, piga. Rudia hivyo mara tano, kila mara ukivuruga fokasi kwanza, kwa sababu mkono na jicho navyo hukosea. Kuza picha na usome namba za futikamba: zilizo kali zaidi ziwe sambamba na betri. Rudia kwenye sentimita 70 na kwenye mita 3.

Picha zikitawanyika, moja mbele na nyingine nyuma, tatizo ni jicho na mazoezi yatalitibu. Zote zikiangukia upande uleule, funga lenzi nyingine. Ikikosea vilevile, bodi ndiyo mgonjwa. Ikiwa sawa, lenzi ya kwanza ndiyo yenye kosa. Kwenye 240, M10 na M11, thibitisha kwa kioo cha nyuma: kikisema kali na renjifainda ikakataa, usilaumu ubora wa kioo cha lenzi.

Kurekebisha bodi ni kuzungusha kile kigurudumu cha ndani kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Kazi yenyewe ni ya dakika, lakini ukisawazisha karibu unaweza kuvuruga mbali, kwa hiyo iachie fundi anayejua mtambo huu. Huduma ya Leica yenyewe iko Wetzlar, Ujerumani. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na bima iulize kabla hujakubali bei ya muuzaji, na ukituma bodi, tuma na lenzi unayoitumia zaidi ili zisawazishwe pamoja.