Kikundi cha watumiaji wa mizani ya kidijitali kwenye AMCOS: namna ya kukiunda

Ukiziuzia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho) za Mtwara na Lindi mizani ya kidijitali na programu ya kumbukumbu za wakulima, bodi ndiyo inayoidhinisha malipo, lakini anayeishika mizani ni karani wa ghala. Kikundi cha kukueleza mizani inapokwama ni cha karani. Mwenyekiti atachangia vizuri, ila hajui kwamba maandishi ya risiti yanafifia, wala kwamba betri inakata saa nane mchana foleni ikiwa bado ndefu.

Chukua watu 12 hadi 15. Wakizidi 20, wengi watanyamaza. Watoke vyama vikubwa na vidogo, wa Tandahimba na wa Liwale pia, na wawili wawe wa vyama vilivyoacha kutumia mizani yako. Hao wawili usiwakose kabisa, maana ndio wanaojua ilipokwama.

Usiite kikao Oktoba. Minada ya korosho imeanza, karani hana nafasi. Kaa nao Februari, makosa ya msimu yangali kichwani. Njia zina tope, basi wafike jana yake, na malazi ulipe wewe. Kikao cha pili kiwe Agosti, wajaribu marekebisho kwa gunia lenye korosho kabla ya msimu. Nauli irudishwe kwa tiketi, posho iwe ndogo na sawa kwa wote. Ikiwa nono, vyama vitaleta ndugu wa viongozi badala ya makarani.

Saa tatu zinatosha. Nusu saa ya kwanza eleza yaliyoahidiwa kikao kilichopita: lipi limefanyika, lipi halikufanyika na kwa nini. Ukiruka hapa, kikao cha tatu utakaa na viti vitupu. Kisha karani mmoja, aliyechaguliwa na wenzake, aongoze, wewe andika. Afisa mauzo asiingie, wala afisa wa chama kikuu (muungano wa AMCOS), kwani mbele yao watu husema ya kumpendeza. Usiulize “mnaionaje?” Uliza: “Mara ya mwisho ilikwama lini, na ulifanyaje mkulima akisubiri?” Andika tatizo, limetokea mara ngapi, nani atalishughulikia na tarehe, kisha watumie nakala ndani ya siku 7.

Malalamiko ya uzito yatenge. Mizani iliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo fundi wako haifungui kienyeji.

Kwenye kundi la WhatsApp, piga marufuku picha za daftari zenye majina na simu za wakulima. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Karani afunike majina kwa karatasi, ndipo apige picha ya kosa.