Kupandisha Land ya zamani: anza na kilo, santimetre zitakuja zenyewe

Mutu akinunua Land (Toyota Land Cruiser) ya zamani hapa Bukavu, ulizo ya kwanza inakuwaka paka moja: nipandishe santimetre ngapi? Mi namurudishia ulizo ingine, unabebaka kilo ngapi? Juu lame, ile chuma bapa ya kupindika yenye inabeba gari, haijui santimetre, lame inajua uzito. Ukichagua kwa macho, eti ile ya rafiki yangu iko juu muzuri, utakuwa na gari ya kupendeza ikisimama na ya kuvunja mugongo ikitembea.

Hapa nasema juu ya HZJ75, ile ya motere 1HZ litre 4.2, juu njo yenye niko nayo na njo nimefungua na mikono yangu, na tena ziko mingi huku, zile zilitumikaka ku ba-ONG kisha bakaziuzisha. Hii iko na lame mbele na lame nyuma. Kama yako ni 78 ao 79 ya kuanzia 1999, mbele iko na resore (ile chuma ya kuviringika), basi mambo ya nyuma utayafuata vile nasema lakini ya mbele iko na kazi yake tofauti, usichanganye.

Kuna kitu batu banakosaka na kinabakulia feza. Kupandisha lame hakupandishi ponti, ile chuma nene yenye inaunga magurudumu mawili. Kunapandisha shasi na karoseri, basi. Ile boli ya diferansieli inabakia fasi yake ileile na itaendelea kukwaruza jiwe lilelile. Kitu kinapandisha ponti ni mipira tu, na inapandisha kwa nusu: mupira wa 235/85R16 uko na kimo ya santimetre 80 na kidogo, wa 255/85R16 uko na 84, maana ukibadilisha mipira, ponti inapanda karibu santimetre 1.7, haifike hata 2. Sasa lame mupya inasaidia nini? Inakupa nafasi ku bute (ile kaushu inazuia ponti isigonge shasi), gari isigonge chuma na chuma kila shimo, inaachia mupira mukubwa uzunguke bila kula gardebu, tumbo na mukia wa gari vinapita fasi vilikuwa vinakwama, na zaidi ya yote inabeba mzigo bila kulala. Kwangu hiyo ya mwisho njo sababu ya kweli, hizo zingine ni faida juu yake.

Mbele ya kununua chochote, pima. Tafuta fasi sawa kabisa, kwa Bukavu hiyo peke yake ni kazi, mi nilienda ku uwanja ya sima ya depo moja siku ya mungu asubuhi. Jaza hewa ile unatumikishaka kila siku, toa mzigo yote, sukuma gari mbele na nyuma kidogo ili lame zikae. Chukua metre ya chuma, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ku ukingo wa gardebu, zote 4, uandike. Yangu nyuma kushoto ilikuwa chini kupita kuume santimetre 3, na lame ya kushoto ilikuwa imenyooka kama rula, haina tena ule mupindo. Sasa ona: kama lame zako zimelala santimetre 4 juu ya uzee, na ununue seti ya kupandisha 5 kupita ile ya fabriki, utaona gari imepanda 9, utashangaa, na kardani, ile chuma inazunguka na kupeleka nguvu ku ponti, nayo itashangaa. Kwa hiyo lazima ujue uko unaanzia wapi.

Kisha pima na mzigo. Hii njo kitu nilijifunza kwa papa moja anafanyaka mizigo ya soko, na sijaona garaji inaifanya: unaweka mifuko ya sima nyuma, kila mufuko kilo 50, inajulikana. Unaweka 4, unapima, unaongeza 4 ingine, unapima tena. Ile kushuka inakuambia lame zako zimebakia na nguvu gani. Kisha andika uzito ya kweli ya maisha yako. Jerikani 5 za litre 20 zenye mazutu ni kilo 90 na kitu na jerikani zenyewe. Pare-shoku ya chuma yenye bafundi banasuduraka huku inaweza kupita kilo 60, na hiyo inakaa mbele siku zote. Gurudumu ya sekuri, kikapu ya juu, baabiria. Tenganisha ile inakaa ndani siku zote na ile inaingia siku moja moja, juu seti za lame zinauzishwa kwa uzito ya siku zote: kuna ya gari tupu, ya kilo 200, ya kilo 400 na kuendelea. Mutu anachagua ya 400 kwa kusema itakuwa na nguvu, kumbe anatembeaka peke yake na mukoba, lame haikunjiki, gari inaruka ku kila jiwe, mipira inapoteza barabara ku kona na mwisho shasi inapasuka fasi ya mashikio. Chukua ile ya mzigo yako ya siku zote, hata kama ni ndogo kuliko sifa.

Kwa kimo, mi nasema santimetre 5 kupita ya fabriki na usimame hapo. Ku 5 vitu vingi vya gari vinabakia kutumika. Ukipita hapo unaanza kubadilisha fleksibo za fre, kardani, barre, na gari inakuwa ndefu mbaya. Mwenye anashukaka Ngomo kwenda Kamanyola anajua nasema nini: ile barabara korongo iko pembeni ya mulango yako, na gari yenye mzigo juu na shasi juu inaegemea ku kila kona. Hapo hakuna wa kukupigia makofi.

Seti nzuri zenye naona zinafika huku ni za Australia, Old Man Emu, Dobinsons, Ironman, nyingi zinapitia Kampala, Nairobi ao Dubai. Uliza mambo mawili. Ya kwanza, seti ni ya gari ya volani upande gani, juu Kampala na Nairobi banaendesha kushoto na volani yao iko kuume, na kuna bafabrikanti banafanya lame ya upande moja iwe juu kidogo kuliko ingine kwa kulipa uzito ya dereva na tanki. Ukifunga kinyume gari inakaa imeinama na utazunguka kila garaji ukitafuta sababu. Ya pili, amotisere ziwe za seti ileile. Amotisere ya zamani ku lame mupya inakuwa fupi, inavutika mpaka mwisho na kung'oka. Ukinunua, ununue pamoja: lame, amotisere, silanbloki (kaushu za ku ncha za lame), jumeli (vyuma vinaunga ncha ya lame na shasi) na axe zake, na bridi mupya (zile buloni za U zenye zinafunga lame ku ponti). Bridi mupya, narudilia.

Narudilia juu nililala porini kwa sababu yake. Nilitaka kupunguza gharama, fundi moja akaniongezea lame mbili za kamyo alizikata na diski, akarefusha jumeli kwa kusudura, na bridi akarudisha zile za zamani. Gari ilipanda muzuri, kila mutu alisifu. Siku moja tunaenda Bunyakiri, tumepita senta ya Miti na tumeingia muzuri mu pori, nikasikia tak, moja tu, kama mutu amepiga sahani na kijiko, kisha volani ikaanza kuvuta na nyuma ikaanza kutembea kombo kama kaa. Nikashuka. Ponti upande wa kushoto ilikuwa imerudi nyuma, mupira unakula gardebu mpaka moshi. Bridi za zamani zilikuwa zimevutika, hazishiki tena, uzito yote ikabakia ku ile buloni ndogo ya katikati ya lame, na ile buloni ikakatika. Haijatengenezwa kwa kushika ponti, kazi yake ni kuonyesha fasi tu, kushika ni kazi ya bridi. Tulivuta ponti na munyororo na kriki usiku muzima, nikiwa na bibi na batoto ndani ya gari, na tangu hiyo siku hakuna bridi inatumika mara mbili ku gari yangu.

Jumeli ndefu nazo, hesabu yake haiko vile batu banafikiria: ukirefusha jumeli santimetre 5 gari inapanda 2 na nusu, juu inainua ncha moja tu ya lame, na inapindua ponti. Mbele hiyo inaharibu shase, ile kuinama ya pivo kurudi nyuma yenye inafanya volani irudi yenyewe katikati. Na wale banachoma lame mu makaa na kuikunja upya, chuma ile imepoteza ugumu wake, miezi michache inalala tena kuliko mbele. Kama lame yako iko chini ya ponti na fundi anakuambia ataihamisha juu yake, muambie asante na uende.

Siku ya kufunga, kazi imeanza wiki moja mbele: kila jioni mwangia mazutu ao dawa ya kutu ku ekru zote za jumeli, za axe na za amotisere. Axe za zamani zinashikana na silanbloki kama zimesudurwa, nyingine utazikata na diski, hakuna haya. Anza na nyuma, iko rahisi, mikono inajifunza. Zuia magurudumu ya mbele na mawe makubwa, inua gari, weka shandele (miguu ya chuma ya kusimamisha gari) imara chini ya shasi, SI chini ya ponti, kisha kriki moja ibaki chini ya ponti kwa kuishusha na kuipandisha pole pole. Usiingie chini ya gari yenye inashikwa na kriki peke yake. Fungua upande moja, maliza upande huo, njo uende ku ingine, ukifungua zote mbili ponti inajizungusha na kuvuta fleksibo ya fre. Ile fleksibo usiache kitu chochote kining'inie juu yake.

Lame ya zamani ikitoka, ilaze chini, ulaze mupya pembeni yake. Buloni ya katikati haiko katikati kamili, kuna upande mufupi na upande murefu, na hapo njo batu banakosea, banafunga kinyume, gurudumu inakaa mbele ao nyuma ya fasi yake. Angalia na macho yako, weka alama na chaki. Paka grese ku axe, ingiza, ekru za axe na za jumeli ukaze na mukono tu. Bridi kaza kwa kukata msalaba, kidogo kidogo, ukiangalia meno yenye inabakia juu ya ekru iwe sawa ku zote 4, kwa nguvu ile kitabu ya gari inasema na kle dinamometriki, hata ya kuazima. Kisha shusha gari chini, itikise, ipande kidogo na mwili yako, na sasa njo ukaze axe na jumeli kabisa. Ukizikaza gari ikiwa hewani, kaushu za silanbloki zinalala zimepindika na zitapasuka mapema.

Gari iko chini, usikimbilie barabarani. Muambie mutu ageuze volani mpaka mwisho kila upande, wewe angalia fleksibo za mbele, zisivutike wala kugusa mupira. Nyuma, kama gari yako iko na ile valve ya fre yenye iko na fimbo inashuka ku ponti, ujue inapima uzito kwa kuangalia kimo: umepandisha gari, yenyewe inafikiri gari haina kitu, inapunguza fre za nyuma hata ukiwa na tani. Lazima fimbo ao shikio yake ipandishwe kulingana na kimo mupya. Mafundi mingi haijui hii. Jaribu fre fasi tupu, na mzigo na bila mzigo. Kama volani inaelea na hairudi katikati, unaweka kabari ya chuma ya digri 2 ao 3 kati ya lame na ponti ya mbele, ya chuma, aluminiumu inapondeka. Kama volani imekaa kombo tu lakini gari inaenda sawa, hiyo inarekebishwa ku barre ya direksio. Ukisikia kutetemeka nyuma ukiongeza mwendo, angalia angle ya kardani, na kardani ipake grese siku ileile.

Kisha unarudi chini ya gari nyuma ya kilometre 100, na tena ku 500, na kle ileile, ekru zote 16 za bridi, moja moja. Yangu ku mara ya kwanza ilikubali karibu robo ya muzunguko ku kila moja, juu lame mupya zinajibana na rangi yake inatoka. Pima tena zile fasi 4 ku gardebu, andika pembeni ya zile za kwanza, na usiku usimame mbele ya ukuta ushushe taa, zimepanda na gari na zinaingia mu macho ya mwenye anakuja mbele yako.