Kuunganisha king'amuzi, deki na simu kwenye pawa amplifaya moja

Shemeji yangu wa Mikindani kapata pawa amplifaya ya mtumba, ile inayokuza sauti tu na kuipeleka kwenye spika. Nyuma ina matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, na mbele haina hata volyumu. Yeye ana king'amuzi cha dishi, deki ya CD na simu. Tulifunga hivi.

1. Swichi ya kuchagulia. Tafuta yenye njia tatu au nne. Usiunganishe vyote kwa waya wa Y: kila chombo kinakuwa mzigo kwa mwenzake, sauti inafifia na kukwaruza. Miksa inafaa, ila kwa sebuleni siipendi. Vitufe vyote vile na watoto wapo!

2. Volyumu. Pawa amplifaya nyingi hufika mwisho wa nguvu kwa volti 1 hivi, na deki ya CD hutoa hadi 2. Bila volyumu utapasua spika. Mimi twita zangu, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zilikwenda hivyo. Funga volyumu ya stereo ya kilo-omu 10 baada ya swichi, na waya wa kwenda kwenye amplifaya uwe mfupi.

3. Chomeka, amplifaya ikiwa imezimwa.

4. Mvumo. Hapa ndipo jua lilipotuchwea. Tuliwasha, spika zikavuma vuuu kabla ya wimbo. Tukabadilisha waya, tukahamisha amplifaya mbali na friji, wapi! Kilichotuchanganya ni kwamba swichi ilikuwa kwenye simu na king'amuzi kimezimwa, bado inavuma.

Mwishowe nikachomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kimya.

Mlingoti wa dishi umechimbiwa ardhini, na amplifaya ina plagi ya pini tatu yenye ethi yake, yaani waya wa kwenda ardhini. Ethi zikawa mbili, umeme mdogo wa hezi 50 ukawa unazunguka kupitia ganda la waya wa sauti, zile nyuzi za nje zinazouzunguka waya wa kati. Na swichi hizi za bei nafuu hukata waya wa kati tu, maganda yote yameungana ndani muda wote. Uchague simu usichague, king'amuzi bado kimo.

Dawa ni transfoma ya kutenganishia sauti, kiboksi kidogo ambacho wafunga redio za magari wanacho. Iweke kati ya king'amuzi na swichi. Za bei ya chini hula besi, ndiyo maana sizipitishii deki. Lakini kama deki yako ni ya picha na imechomekwa kwenye TV ileile ya king'amuzi, ethi itazungukia huko, kwa hiyo nayo itataka kiboksi chake.

Wapo watakaokwambia ukate pini ya ethi. Usithubutu. Siku waya wa umeme wa ndani ukigusa bodi ya chuma ya amplifaya, utakayeshika bodi hiyo umeshika volti 230.

5. Kuwasha. Vyombo vingine kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima, amplifaya kwanza.

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, chumvi hula matundu. Upande mmoja ukianza kukatika sauti, zima, chomoa, futa pini kwa spiriti kabla hujamwita fundi. Shemeji keshanipigia mara moja kwa hilo.