Namna nne za kutangaza mtandao wako kwa BGP

Umeunganisha ruta yako na ya jirani, na `show ip bgp summary` inaonyesha kikao kimekubali. Bado hakuna anayekuona. BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuambiana njia za kufikiana, haitangazi mtandao kwa sababu tu upo kwenye ruta, inasubiri kuambiwa. Ziko namna nne za kuiambia (hatua ya 2 hadi ya 5), na wengi huchagua ile yenye amri fupi. Mimi huchagua kwa swali moja: ni nini kitakacholifanya tangazo hili lizaliwe, na ni nini kitakacholiua?

Katika mifano, sisi ni AS 64500 (AS ni mtandao unaojitawala, wenye namba yake), jirani ni AS 64510 kwenye 192.0.2.1, na bloku yetu ya anwani ni 203.0.113.0/24 (namba ya baada ya mkwaju ikikua, bloku inakuwa ndogo). Namba zote hizi zimetengwa kwa ajili ya mifano, usizipeleke kwenye mtandao halisi. Amri ni za Cisco IOS, mfumo wa ruta za Cisco. FRR, programu huria ya ruta, inafanana nayo sana, ila maski (ukubwa wa bloku) huandikwa kwa mkwaju (`network 203.0.113.0/24`) na sera za jirani hukaa ndani ya `address-family ipv4 unicast`.

Hatua ya 1: Chujio kabla ya tangazo

Miongozo mingi huliacha hili mwishoni. Mimi naanza nalo, kwa kuwa kosa lolote utakalofanya katika hatua zinazofuata litaishia kwenye ruta yako badala ya kusambaa.

```
ip prefix-list ZETU seq 5 permit 203.0.113.0/24
!
route-map KWENDA-NJE permit 10
 match ip address prefix-list ZETU
!
router bgp 64500
 neighbor 192.0.2.1 remote-as 64510
 neighbor 192.0.2.1 route-map KWENDA-NJE out
```

Kisichotajwa kwenye orodha hakitoki. Weka na chujio la kuingia. RFC 8212, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2017, inataka ruta isipokee wala kutuma njia yoyote kwa jirani wa AS nyingine mpaka iwe na sera pande zote mbili. FRR inalifuata hilo: ukiona `(Policy)` mahali ambapo ungetarajia idadi ya njia, usihangaike na waya, umesahau chujio.

Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube nchini mwake, ikatangaza 208.65.153.0/24. Tangazo likavuka hadi kwa mtoa huduma wake wa juu, naye hakulichuja. YouTube wakati huo ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, na kwa kuwa ruta hufuata anwani iliyo mahususi zaidi, ile /24 ikashinda kila ilikofika. YouTube ilijibu kwa kutangaza /24 hiyohiyo, kisha /25 mbili. Mistari miwili ya chujio, upande wowote kati ya ile miwili, ingetosha kulizuia.

Hatua ya 2: `network`, namna ya kawaida

```
router bgp 64500
 network 203.0.113.0 mask 255.255.255.0
```

Hapa ndipo wengi hukwama, maana ruta haitoi kosa lolote. Amri hii inataka njia ileile, yenye maski ileile, iwe tayari kwenye jedwali la njia. Kama ndani umeigawa bloku kuwa /26 nne, jedwali lina 203.0.113.0/26, 203.0.113.64/26 na wenzake, lakini hakuna /24. BGP inatafuta /24, haioni, inanyamaza. Utakaa ukisoma usanidi ambao hauna kosa.

Dawa ni kuipa hiyo /24 mahali pa kusimama:

```
ip route 203.0.113.0 255.255.255.0 Null0 254
```

Null0 ni shimo la kutupia pakiti, kwa hiyo mtu akiiona mara ya kwanza hushtuka. Lakini pakiti ya 203.0.113.70 itafuata /26 yake, kwa kuwa ni mahususi zaidi. Zinazotupwa ni zile tu zinazokwenda kwenye anwani isiyo na njia ndani, na hizo ni heri zife hapo kuliko kurudishwa kwa jirani kupitia njia ya msingi (0.0.0.0/0, ya kila kisicho na njia nyingine) na kuzunguka kati yenu. Ile 254 mwishoni inaifanya /24 hii iwe chaguo la mwisho endapo itapatikana nyingine ya kweli.

Tangazo la namna hii halifi. Hilo ni zuri kwa utulivu: kebo moja ya ndani ikicheza, dunia haisikii. Ni baya ukiwa na ruta mbili za mpakani. Moja ikikatika na mtandao wa ndani, itaendelea kuwaambia majirani "leteni kwangu", na kila kitakacholetwa kitaishia shimoni huku ruta ya pili ikiwa nzima. Kwenye hali hiyo achana na Null0, fungamanisha `network` na njia ya kweli inayotoka kwa OSPF (itifaki ya njia za ndani), au nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3: `redistribute`, kwa mkono wa tahadhari

```
router bgp 64500
 redistribute ospf 1 route-map OSPF-KWA-BGP
```

Amri hii huchukua njia za itifaki nyingine na kuzimwaga ndani ya BGP. Tangazo linazaliwa na kufa pamoja na njia yenyewe, bila wewe kugusa kitu. Inafaa pale mitandao ya ndani inapobadilika mara kwa mara, kwa mfano kwenye kituo cha data. Kwenye mpaka wa intaneti siipendi, na bila `route-map` siiandiki kabisa.

Mambo mawili huwashangaza watu. Kwenye IOS, OSPF hutoa njia zake za ndani pekee. Zile za nje zinahitaji uongeze `match internal external`. Pili, angalia alama ya mwisho wa mstari kwenye `show ip bgp`: njia iliyoingia kwa `network` ina `i`, iliyoingia kwa `redistribute` ina `?`. Mambo mengine yakilingana, BGP huipendelea `i`. Ukitangaza bloku moja kwenye ruta mbili kwa namna mbili tofauti, trafiki italemea upande mmoja, na utatafuta sababu kila mahali isipokuwa hapo.

Usiifanye iwe ya kwenda na kurudi, BGP ndani ya OSPF na OSPF ndani ya BGP, bila kuziwekea njia alama. Njia za watu hurudi nje zikiwa zimepoteza orodha ya AS zilizopitia, na zinaonekana ni zako. Aprili 1997 AS 7007 ilitangaza maelfu ya njia za wengine kana kwamba ni zake, zikiwa zimekatwa vipande vidogo, na sehemu kubwa ya intaneti ikayumba.

Hatua ya 4: `aggregate-address`

```
 aggregate-address 203.0.113.0 255.255.255.0 summary-only
```

Ruta inatunga /24 endapo walau kipande chake kimoja kimo kwenye jedwali la BGP. Kuwemo kwenye jedwali la njia hakutoshi. Kwa hiyo zile /26 ziingize kwanza kwa `network`. `summary-only` inavificha vipande; bila hiyo, chujio lisipovizuia, vinatoka pamoja na jumla yake, na kwenye intaneti vingi hutupwa, kwani kwa kawaida watoa huduma hawapokei IPv4 iliyo ndogo kuliko /24. Vipande vyote vikifa, jumla inafutwa, ndiyo maana kwenye mpaka wenye ruta mbili naipendelea hii kuliko Null0 ya mkono.

Hatua ya 5: Njia ya msingi kwa mteja

Mteja mwenye ruta ndogo hahitaji jedwali zima la intaneti. Mpe `neighbor 198.51.100.2 default-originate`, na kwa chujio la kutoka uzizuie njia nyingine. Kumbuka tu kwamba amri hii hutangaza 0.0.0.0/0 hata kama wewe mwenyewe huna. Ukitaka ife pamoja na ya kwako, ongeza `route-map` yenye sharti.

Hatua ya 6: Hakikisha

```
clear ip bgp 192.0.2.1 soft out
show ip bgp neighbors 192.0.2.1 advertised-routes
```

Ya kwanza inatuma upya bila kuvunja kikao. Ya pili inaonyesha kilichopita kwenye chujio, nayo ndiyo ya kuaminiwa. `Show ip bgp` inaonyesha ulichonacho tu. Kama /24 imo kwenye ile amri ya pili lakini haionekani kwenye vituo vya umma vya kutazama njia, kama RouteViews au RIPE RIS, tatizo haliko tena kwenye ruta yako. Mwulize jirani kama chujio lake la kuingia lina bloku yako, na kagua ROA yako, yaani hati iliyosainiwa inayosema ni AS gani inaruhusiwa kutangaza bloku yako: ikiwa imeandikwa kwa namba ya AS ya zamani, wanaokagua RPKI (mfumo wa hati hizo) wanalitupa tangazo lako, nawe hupati taarifa yoyote.